Yule kaka aliyerukwa: John Cazale na filamu zake tano

Sehemu ya 1

Wiki hii hakuna somo la presha wala la chanjo, na wale mnaosubiri mwendelezo wa kisukari mnivumilie kidogo. Nilikuwa off siku tatu, nikazitumia kurudia filamu za mtu mmoja. Nimezimaliza zote, maana ni tano tu.

Anaitwa John Cazale. Sura yake wengi mnaijua, ila jina hamlijui. Kwenye The Godfather mzee Corleone ana watoto watatu wa kumzaa wa kiume. Yupo Sonny mwenye hasira, yupo Michael mwenye akili ya kimya kimya, halafu yupo wa katikati mwenye paji pana na macho ya huzuni, ambaye kila akikabidhiwa kitu kinamponyoka. Fredo. Huyo ndiye Cazale.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulijua filamu ina watu wawili tu, steringi na adui. Waliobaki walikuwa wa kupigwa risasi mapema ili mambo yaende. Cazale hakuwahi kuwa steringi hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kukaa pembeni ya steringi. Ukimtazama vizuri ndipo unagundua kwamba bila mtu wa pembeni kama yeye, steringi angekuwa anaongea na ukuta.

Hizi hapa filamu zenyewe: The Godfather (1972), The Conversation (1974), The Godfather Part II (1974), Dog Day Afternoon (1975) na The Deer Hunter (1978). Zote tano ziliteuliwa kugombea Oscar ya filamu bora ya mwaka, na tatu zikashinda, yaani zile mbili za Godfather na The Deer Hunter. Yeye mwenyewe hakuteuliwa kwenye Oscar hata mara moja. Alifariki Machi 1978 kwa saratani ya mapafu akiwa na miaka 42, kabla ile ya tano haijaonyeshwa kwa watu.

Ningeweza kuishia hapo, mngenipa like zenu mkaenda kulala. Lakini kuna jambo kwenye filamu yake ya mwisho ambalo linanihusu mimi kazini kila wiki. Nitalifikia. Kwanza tumjue mtu.

Sehemu ya 2

Alizaliwa tarehe 12 Agosti 1935 katika mji wa Revere, jimbo la Massachusetts, jirani kabisa na Boston. Baba alikuwa wa asili ya Italia, mama wa asili ya Ireland. Alisomea uigizaji chuoni, akahamia New York, na huko akafanya kile wanachofanya waigizaji wote wanaoanza, yaani kazi nyingine. Alikuwa tarishi kwenye kampuni ya mafuta ya Standard Oil, anabeba bahasha kutoka ofisi hii kwenda ile. Kwenye kazi hiyo akakutana na tarishi mwingine, kijana mfupi anayependa kuigiza, jina lake Al Pacino. Aisee, hebu fikiria wale wawili na bahasha zao kwenye lifti.

Baadaye wakakutana tena, safari hii jukwaani, kwenye mchezo wa Israel Horovitz unaoitwa The Indian Wants the Bronx. Pacino alicheza mmoja wa vijana wawili wahuni. Cazale alicheza Gupta, mzee wa Kihindi aliyepotea usiku kwenye kituo cha basi jijini New York. Gupta anamtafuta mwanawe, hajui Kiingereza, na wale vijana wanamchezea mpaka mchezo unageuka ukatili. Yaani Cazale alikaa jukwaani mchezo mzima akiwa hana lugha ya kuwasiliana na yeyote aliye mbele yake. Kila kitu alikisema kwa mabega, kwa mikono, kwa kutazama. Mwaka 1968 yeye na Pacino wote wakapewa tuzo ya Obie, ile ya michezo ya kumbi ndogo za New York.

Kuna kitu ninyi mliofanya kazi wodini mtanielewa hapa. Tulishawahi kupokea bibi anayeongea Kiiraqw tu, na kwenye zamu hakuna hata mmoja anayekijua. Usiku kucha yule bibi alikuwa anatusoma sisi, mkono unaoleta sindano, uso wa daktari, namna tunavyonong'ona. Asubuhi alipokuja mjukuu wake kutafsiri, kumbe bibi alikuwa ameshajua mengi sana kuhusu ugonjwa wake. Mtu asiye na maneno hapumziki kutazama. Sijui Cazale alimsomea wapi mtu wa namna hiyo, ila alimsoma.

Mwaka 1971 akacheza mchezo mwingine wa Horovitz, Line, unaohusu watu waliopanga foleni wakigombania nafasi ya kwanza. (Huo ungeweza kuandikwa dirisha la dawa la hospitali yoyote saa tatu asubuhi.) Mtu aliyekuwa akimtafutia Francis Ford Coppola waigizaji wa The Godfather alimwona hapo. Basi, tarishi wetu akaingia kwenye filamu akiwa na miaka 35 au 36, umri ambao kwetu ungeshaambiwa acha utoto, tafuta kazi ya maana.

Sehemu ya 3

Jana mmoja wenu ameniuliza, sasa huyu ubora wake uko wapi mbona kila filamu anacheza mjinga? Swali zuri. Nijibu kwa vipande vitatu.

Kipande cha kwanza kipo kwenye The Godfather. Mzee Vito anapigwa risasi barabarani akinunua matunda. Fredo yuko naye. Anatoa bastola, inamtetemeka mkononi, inaanguka. Wauaji wanakimbia. Fredo anakaa ukingoni mwa barabara pembeni ya baba yake na kulia. Hapigi kelele za kwenye sinema, analia tu kama mtoto aliyevunja kitu. Nimeuona mkao ule mara ngapi pale mapokezi ya dharura! Ndugu aliyemleta majeruhi wa bodaboda huwa anakaa hivyo hivyo, mikono haijui iende wapi. Watu wa nje wanadhani ndugu wa majeruhi ni yule anayepiga mayowe. Sisi tunajua wa kumfuatilia ni yule aliyekaa chini.

Kipande cha pili, sehemu ya pili ya Godfather. Michael, mdogo wake, ndiye amekuwa bosi wa familia, na amegundua kaka yake amemsaliti. Wanaongea kwenye chumba cha kando ya ziwa. Fredo amelala kwenye kiti kile cha kuegemea ambacho kinamzamisha. Anaanza kujieleza taratibu, halafu uchungu wa miaka yote unapanda. Yeye ni kaka mkubwa, amerukwa, mdogo wake ndiye anamtunza, watu wote wanamtuma kuchukua huyu na kupeleka yule. Anapotaka kupiga kelele mwili hauna pa kushika, kiti hakimruhusu kuinuka, anarusha mikono amelala. Watu wa Pwani na wa bara, wote tunajua maana ya kaka kurukwa kwenye kikao cha ukoo. Hakuna haja ya tafsiri. Msaliti yule unamchukia kwa dakika moja, halafu unataka kumsaidia kunyanyuka.

Cha tatu ndicho nakipenda kuliko vyote. Dog Day Afternoon inatokana na tukio la kweli la Brooklyn la mwaka 1972, watu walivamia benki wakanasa humo na mateka. Cazale anacheza Sal. Sal wa kweli alikuwa kijana wa miaka 18, Cazale alikuwa anakaribia 40, lakini Pacino alimng'ang'ania mwongozaji Sidney Lumet amtazame. Lumet alipomsikia akisoma, umri ukasahaulika. Kuna mahali Pacino anamuuliza Sal, tukipata ndege, ungependa kwenda nchi gani? Sal anafikiri kwa makini kabisa, halafu anajibu, Wyoming. Wyoming si nchi jamani, ni jimbo la Marekani huko huko. Ni kama jambazi aulizwe akimbilie nchi gani ajibu Singida. Jibu hilo halikuwa kwenye maandishi, Cazale alilitoa palepale. Ukumbini watu wanacheka, kisha kicheko kinakwama, maana unatambua huyu mwenye bunduki kubwa hajawahi kusafiri popote na anaogopa kuliko mateka wake.

Ubora wake ndio huo. Anasikiliza. Mtazame wakati mwingine anaongea, utaona neno linavyomwingia. Pacino, ambaye alicheza naye jukwaani na kwenye filamu tatu, amesema hadharani kwamba amejifunza uigizaji kwa Cazale kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Sehemu ya 4

Sasa tuje kwenye jambo langu.

Majira ya joto ya 1976 Cazale alicheza Measure for Measure ya Shakespeare kwenye jukwaa la wazi la Central Park, New York. Aliyecheza naye alikuwa dada wa miaka 27 aliyetoka chuo mwaka mmoja kabla, hana jina bado, Meryl Streep. Wakapendana, wakaishi pamoja. Mwaka uliofuata Cazale akiwa kwenye mchezo wa Agamemnon akaanza kuumwa, akalazimika kuuacha. Vipimo vikaonyesha saratani ya mapafu, na imeshafika mbali. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara.

Wakati huo Michael Cimino alikuwa anaandaa The Deer Hunter, hadithi ya marafiki wa mji wa viwanda vya chuma kule Pennsylvania wanaopelekwa vita ya Vietnam. Cazale alishapangiwa kucheza Stan, rafiki mmoja anayebaki nyumbani. Robert De Niro ndiye steringi. Streep akachukua nafasi ya msichana wa kijijini, nafasi ndogo yenye maneno machache, ili awe karibu na mgonjwa wake.

Kampuni ya filamu ilipojua hali ya Cazale ikataka atolewe. Kwa hesabu zao walikuwa na sababu. Filamu kubwa hukatiwa bima, na mwigizaji akifa katikati, kila alichopigwa kinabidi kirudiwe na mwingine. Mgonjwa wa saratani iliyoenea hakuna anayemkatia bima kirahisi. Cimino alikataa kumtoa. Akapanga ratiba upya ili sehemu za Cazale zipigwe mwanzo kabisa. Na inasimuliwa mpaka leo kwamba De Niro alitoa pesa yake mwenyewe kulipia ile bima.

Hapa ndipo nilisimamisha filamu nikaenda kuchemsha chai.

Ndugu zangu, mnajua tunachowafanyia wagonjwa wa saratani majumbani? Siku majibu yanapotoka, mtu anaacha kuwa mwalimu, fundi, mama ntilie, dereva. Anakuwa mgonjwa, basi. Simu anapokonywa asipate mawazo. Duka anapewa shemeji. Tunamwambia "wewe pumzika", kwa mapenzi kabisa, na kumbe tumemzika mguu mmoja.

Nilimuuguza mama mmoja, fundi cherehani, umri wa miaka hamsini na kitu. Sitataja wapi wala lini. Alikuwa na dawa ya maumivu inayomkaa vizuri, akili timamu, mikono yake inafanya kazi. Jioni moja akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hivi mtu akiuza kitu cha mtu ambaye hajafa, inaitwaje?" Ndugu walikuwa wameuza cherehani yake. Pesa ililetwa hospitalini, haikuliwa, sitaki kuwasingizia. Walisema hataihitaji tena. Mama yule alikuwa ameacha sare za shule tatu za wateja hazijapindwa, na kilichomuuma kilikuwa zile sare. Daktari alishamweleza ukweli, na kifo alikuwa anakizungumza kama safari ya Morogoro. Ila sare za watu!

Mwenzangu mmoja wa zamu, mwenye akili kuliko sisi wote, akamletea foronya za nyumbani kwake zilizofumuka, na uzi na sindano. Mama akakaa kitandani, mto mgongoni, anapinda kwa mkono, pindo zimenyooka kama zimepigwa rula. Akishona anaagiza uji na kuunywa. Asiposhona hanywi. Hiyo ilikuwa kwenye chati yetu wazi wazi, sio maneno yangu.

Kwa hiyo ninapomtazama Cazale kwenye The Deer Hunter siwezi kumtazama kama wengine. Amekonda, na ukiwa na jicho la wodi huhitaji kuambiwa. Lakini anachocheza sicho ugonjwa. Anacheza Stan, mwanaume anayejiona mtanashati, anajitazama kwenye kioo akitengeneza nywele, anaenda kuwinda milimani bila buti, kila safari anasahau kitu na kuazima cha wenzake. De Niro anamkatalia buti, wanagombana, na Cazale anagomba kwa kelele za mtu mwenye mapafu mazima. Mtu ambaye bima haikumtaka alikuwa anatuchekesha. Angekuwa kwetu, tungekuwa tumeshamfunika blanketi.

Msinielewe vibaya. Wapo wanaochoka kweli, na mtu akisema nataka kulala aachwe alale. Saratani ikifika kwenye mifupa, kama ilivyofika kwa Cazale, kuna siku hata kugeuka kitandani ni kazi ya shifti nzima. Ninachosema ni kwamba aulizwe. Cimino na De Niro walimwacha aamue mwenyewe siku yake ya kutoka kazini.

Sehemu ya 5, na ndiyo ya mwisho

Wengi mmeuliza Streep alifanya nini. Baada ya filamu alikubali kwenda Austria kupiga tamthilia ya televisheni iitwayo Holocaust, kazi ambayo aliifanya kwa ajili ya pesa. Nasema hili kwa wale wanaomsema mke au binti kwamba "mgonjwa kalazwa yeye yuko kibaruani." Bili hailipwi na machozi. Aliporudi alikaa naye miezi ya mwisho, nyumbani na baadaye hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering. Inasimuliwa alikuwa anamsomea kurasa za michezo za gazeti kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, ili acheke. Alikuwa pale alipokata roho. Pacino alishasema kwamba kwa kazi zote kubwa za yule dada, kinachomjia akilini akimkumbuka ni namna alivyomuuguza John.

Aprili 1979 The Deer Hunter ikachukua Oscar ya filamu bora, na Streep akateuliwa Oscar kwa mara yake ya kwanza. Mengine ya Streep mnayajua.

Na kwa kuwa mimi ni nesi, nisipoyasema haya nitawashwa. Moja, sigara. Ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote cha saratani ya mapafu, na ukiacha leo, hatari inaanza kupungua hata kama umevuta miaka ishirini. Mbili, kikohozi cha wiki mbili au zaidi kapime. Mara nyingi tutaanza na kifua kikuu, na ni sawa, maana ndicho kilicho kingi kwetu na kinatibika. Lakini majibu ya TB yakiwa safi na kikohozi kipo, unapungua uzito au unatema damu, usikubali kurudishwa nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi. Rudi, omba picha ya kifua, omba rufaa. Tatu, tiba shufaa sio "wamemkatia tamaa." Ni kuondoa maumivu ili mtu aweze kuendelea kuwa yeye, na mofini ya kunywa ikitumika kwa maelekezo ya daktari haimuui mgonjwa. Hilo nitaliandikia posti yake, msijaze maswali hapa.

Mnaotaka kuangalia, anzeni na Dog Day Afternoon, halafu Godfather zote mbili kwa mpangilio. The Conversation ni ya taratibu sana, isubiri siku umeshiba na hakuna watoto. The Deer Hunter inagonga saa tatu na ina mambo ya kuwekeana bastola kichwani, kwa hiyo mwenye presha asiangalie usiku, na mwenye mgonjwa nyumbani aangalie akiwa na mtu. Ipo pia filamu ya kumbukumbu ya mwaka 2009 kuhusu Cazale, dakika kama arobaini tu, inaitwa I Knew It Was You. Wapo Pacino, De Niro, Streep, Coppola na Lumet wakimzungumzia.

Halafu kuna hii, nilitaka kuisahau. Mwaka 1990 Coppola alitoa sehemu ya tatu ya The Godfather, miaka 12 baada ya Cazale kufariki. Humo wakaweka picha za zamani za Fredo. Na filamu hiyo nayo ikateuliwa kugombea Oscar ya filamu bora.

Kesho naingia naiti, kwa hiyo inbox nitajibu Alhamisi.